Asparagasi ya bustani ya nyumbani: uanze na mbegu au na fundo la mizizi?

Mchicha ukiukosea, baada ya wiki chache unang'oa na kupanda mwingine. Asparagasi haina huruma hiyo. Ikipandwa vizuri hukaa pale pale miaka 15 hadi 20 ikitoa kila msimu machipukizi, ambayo ndiyo huliwa. Ikipandwa vibaya nayo hukaa, ila inatoa vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, na wewe unabaki hujui kama uing'oe au uivumilie mwaka mmoja zaidi. Mimi niliwahi kuivumilia hivyo miaka mitatu, kwenye tuta ambalo sasa lina vitunguu.

Kwa hiyo kabla ya kushika jembe kuna mambo ya kuchagua: mbegu au fundo la mizizi, madume matupu au mchanganyiko, rangi gani, mtaro au tuta. Kisha kuna suala la kuupumzisha mmea, ambalo linawahusu zaidi wanaoishi pasipo na baridi kali. Sitayapa nafasi sawa, kwa sababu hayana uzito sawa.

Mbegu au fundo

Fundo ni mmea uliolelewa kitaluni mwaka mmoja kisha ukang'olewa ukiwa umelala. Juu kuna kitovu chenye macho, na pembeni imetawanyika mizizi minene kama mikono ya pweza. Mbegu ni punje nyeusi, ngumu, ukizimwaga mezani mtu anaweza kudhani ni pilipili manga ndogo. Ushauri unaosikika zaidi ni kununua mafundo, na sababu inayotolewa ni moja: yanakuokolea muda. Tuone ni muda gani hasa.

| Mwaka | Ukianza na fundo la mwaka mmoja | Ukianza na mbegu |
|---|---|---|
| 1 | Unapanda, huvuni | Unaotesha na kuhamisha miche, huvuni |
| 2 | Unavuna wiki 2 hivi, kwa mkono mwepesi | Huvuni |
| 3 | Wiki 4 hivi | Wiki 2 hivi, kwa mkono mwepesi |
| 4 | Wiki 6 hadi 8 | Wiki 4 hivi |
| 5 na kuendelea | Wiki 6 hadi 8 | Wiki 6 hadi 8 |

Tofauti ni mwaka mmoja tu. Na hata huo unaupata iwapo fundo limefika likiwa hai na lenye nguvu, jambo ambalo muuzaji hakuhakikishii na wewe hujui mpaka ufungue mfuko.

Fundo zuri ukilishika ni zito kuliko linavyoonekana. Mizizi yake imejaa, ina rangi ya udongo mkavu, na ukiukunja mmoja unapinda bila kukatika. Mara ya kwanza nilinunua mafundo 20 yaliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipoufungua nilipigwa na harufu ya uvundo. Manane kati yake mizizi ilikuwa magamba matupu: ukiubana kwa vidole unabonyea, ganda linavulika kama soksi, mkononi unabaki na uzi mweupe wa katikati. Nikayapanda yote, kwa sababu nilikuwa nimeyalipia. Katika yale manane, mawili ndiyo yaliyochomoza, na hayakuwahi kuwafikia wenzao.

Mtego mwingine ni mafundo ya miaka miwili au mitatu, yanayouzwa kwa hoja kwamba makubwa yatazaa mapema. Kadiri fundo linavyokuwa kubwa ndivyo mizizi mingi zaidi inavyokatika wakati wa kung'olewa, na linatumia msimu mzima kujiuguza. Mara nyingi la mwaka mmoja hulipita. Ukichagua njia ya mafundo, chagua ya mwaka mmoja, na yapande siku chache baada ya kuyapokea. Yasilale stoo.

Kuna pia ugonjwa. Ukuvu wa fusari, unaoozesha mizizi na kitovu, ndio unaoua mashamba mengi ya asparagasi, na ukishaingia kwenye udongo hukaa humo miaka mingi. Mafundo yametoka kwenye udongo wa mtu mwingine na yanaweza kuja nao. Mbegu pia inaweza kuubeba juu ya ganda, lakini si kwa kiwango cha mzizi uliokaa ardhini mwaka mzima. Kwa sababu hiyo hiyo, usipande asparagasi mpya mahali palipokuwa na ya zamani, hata kama shimo lile lina udongo mzuri kuliko pengine pote bustanini.

Mbegu nazo zina madai yao. La kwanza ni joto. Udongo ukiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, zinaota kwa siku 10 hivi. Kwenye nyuzi 15 zinachukua zaidi ya wiki 3, na kwenye nyuzi 10 karibu miezi 2, kiasi kwamba mtu asiyejua anamwaga udongo wa kitalu akidhani zimeoza. Ziloweke usiku mmoja au siku nzima, zifukie kina cha sentimita 1 hadi 2, halafu zipe joto. Vyombo virefu ni bora kuliko trei fupi, maana mzizi hushuka upesi kuliko jani linavyopanda. Baada ya wiki 10 hadi 12 miche iko tayari kwenda bustanini.

La pili, na ndilo lililonisumbua zaidi, ni magugu. Mche wa asparagasi ni mwembamba mno. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea nilipokuwa nimehamisha miche 30, akasimama kwenye ukingo wa mtaro akakaza macho. "Mwanangu," akaniuliza, "hapa umepanda mboga au umepanda nyuzi?" Sikuwa na jibu la kumfanya aamini. Wiki ile ile niling'oa miche minne kwa mkono wangu mwenyewe nikidhani ni vijani vya nyasi. Miezi yote ya mwanzo utapalilia kwa vidole, umechuchumaa, na jembe likae mbali. Fundo lenyewe hutoa kijiti unachokiona kutoka mlangoni, na hilo peke yake lina thamani kwa mtu mwenye kazi nyingi.

Kwa upande wa gharama mbegu zinashinda bila ubishi. Kwa fedha za mafundo kumi unapata mbegu za kujaza kitalu kizima, kisha unachagua miche yenye nguvu na kutupa dhaifu. Uhuru huo wa kuchagua mwenye mafundo hana. Ukipiga hesabu ya mimea 10 kwa kila mlaji, familia ya watu watano inahitaji 50, na hapo ndipo mafundo yanapoanza kuumiza mfuko.

Uamuzi wangu uko hivi. Mimea 10 au 15, na kuna mtu karibu nawe anayeng'oa mafundo siku ile ile unayoyachukua: chukua mafundo. Zaidi ya hapo, au kama mafundo yatasafiri siku nyingi kwenye joto, otesha mbegu. Mbegu iwe mpya, maana baada ya miaka mitatu hivi uotaji hushuka.

Madume matupu au mchanganyiko

Asparagasi ina mimea dume na mimea jike, kila mmoja peke yake, kama mpapai. Mbegu za kawaida hutoa nusu kwa nusu. Jike hutumia nguvu nyingi kutengeneza vitunda vyekundu, kwa hiyo hutoa machipukizi machache ingawa mara nyingi ni manene. Dume hutoa mengi zaidi na kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi.

Watafiti wakaona mwanya. Jike lina kromosomu XX na dume XY, kama kwetu. Mara chache hutokea dume lenye maua machache yanayoweza kubeba kitunda. Likijichavusha lenyewe, baadhi ya watoto wake wanakuwa YY, na dume la YY likipandishwa kwa jike, watoto wote wanatoka XY, yaani madume. Ndivyo zilivyopatikana aina kama Jersey Knight na Jersey Giant za Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, na Gijnlim na Backlim kutoka Uholanzi.

Upande wa pili kuna aina za zamani kama Mary Washington, iliyozalishwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 wakati ugonjwa wa kutu ulipokuwa ukimaliza mashamba. Mbegu zake ni rahisi kupata, unaweza kujitunzia nyingine, na mavuno yake yanatosha jiko la nyumbani.

Watu husifu madume kwa wingi wa mavuno. Mimi nayasifu kwa jambo lingine: hayaangushi vitunda. Mahali penye majike, vitunda hudondoka, ndege wanavitawanya, na msimu unaofuata una miche isiyo na mwaliko katikati ya mistari, yenye mizizi migumu kung'oa, inayogombania maji na mimea mama. Isitoshe vitunda hivyo ni sumu kwa binadamu, na wekundu wake unawavuta watoto. Nyumba yenye watoto wadogo ina sababu nzuri ya kutafuta madume matupu.

Kama umeotesha mchanganyiko, bado una nafasi ya kuchuja. Weka miche kitaluni kwa kubanana kidogo, subiri ichanue, jambo ambalo kwa mingi hutokea mwaka wa pili. Ua la dume ni refu zaidi na ndani lina stameni, yaani vijiti vya kiume vyenye chavua ya rangi ya machungwa. La jike ni dogo, na katikati lina kifuko cha kijani kinachoonekana wazi. Kioo cha kukuzia kinasaidia. Ila ukingoja mpaka hapo ndipo uhamishe, umeongeza mwaka mwingine juu ya ule uliokwisha kuupoteza kwa kuanza na mbegu. Mimi sikungoja. Nilihamisha yote, nikaja kung'oa majike machache yaliyokuwa njiani.

Kijani, nyeupe, zambarau

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kijani na nyeupe ni mmea ule ule. Nyeupe ni chipukizi lililofukiwa kwa kifusi cha sentimita 25 hivi ili lisione jua. Linakatwa chini kwa kisu kirefu mara udongo wa juu unapopasuka. Ni kazi kubwa, inahitaji udongo wa kichanga, na lazima ulimenye kabla ya kulipika. Ukitaka kuionja nyeupe, funika mimea miwili kwa ndoo isiyopitisha mwanga. Inatosha.

Zambarau ni aina yenyewe, inayojulikana zaidi ni Purple Passion, yenye asili ya Albenga nchini Italia. Ina sukari zaidi na nyuzinyuzi kidogo, kwa hiyo inalika mbichi, lakini machipukizi yake ni machache kuliko ya aina dume za kijani. Usiinunue kwa ajili ya rangi. Ikiingia kwenye maji ya moto inageuka kijani.

Mtaro, tuta au chombo

Njia ya kawaida ni mtaro: upana wa sentimita 30, kina cha 15 kwa udongo mzito na 20 kwa wa kichanga. Tandika mboji iliyoiva chini, jenga kigongo kidogo katikati, kalisha fundo juu yake kama mtu aliyepanda farasi, mizizi ishuke huku na huku. Kati ya mmea na mmea acha sentimita 30 hadi 45, kati ya mstari na mstari mita 1.2 au zaidi. Funika kwa sentimita 5 za udongo, kisha ongeza kidogo kidogo chipukizi linavyopanda, mpaka mtaro ulingane na uso wa ardhi. Kwa miche ya mbegu utaratibu ni huo huo, isipokuwa unakwenda polepole zaidi ili usiifukie.

Kina kina bei yake. Ukipanda chini sana machipukizi huchelewa na huwa machache, ingawa manene. Ukipanda juu juu yanawahi, yanakuwa mengi, lakini membamba. Na kwa kuwa kitovu hupanda taratibu miaka inavyokwenda, aliyepanda juu juu atalazimika kuongeza udongo mapema.

Tuta lililoinuliwa linashinda mtaro katika hali moja tu: maji yanapotuama. Asparagasi huvumilia ukame vizuri, lakini mizizi yake ikikaa kwenye tope huoza. Udongo wako ukiwa wa mfinyanzi, wenye kung'ang'ania kiatu baada ya mvua, usichimbe mtaro, kwa sababu utakuwa umechimba bwawa. Inua tuta sentimita 30 au zaidi, uchanganye mchanga na mboji nyingi. Udongo wako ukipitisha maji, baki na mtaro, maana tuta hukauka upesi.

Chombo ninakipa mistari miwili. Pipa lenye kina cha angalau sentimita 45 litakupa mimea miwili au mitatu na machipukizi ya kuonja, na halitafika miaka 15. Mwenye roshani pekee, sawa. Mwenye ardhi, hapana.

Vyovyote utakavyochagua, pima uchachu wa udongo kwanza. Asparagasi inapenda pH ya 6.5 hadi 7.5, na chini ya 6 inadhoofika, kwa hiyo udongo wenye tindikali uwekewe chokaa miezi kadhaa kabla. Na ng'oa ndago na sangari mpaka mzizi wa mwisho kabla ya kupanda. Mimi niliacha ndago "kidogo tu" kwenye kona moja ya lile tuta la kwanza, na kufikia mwaka wa tatu ndago na asparagasi zilikuwa zimeshikana hivi kwamba huwezi kuing'oa moja bila kuijeruhi nyingine. Hilo ndilo lililonifanya niliache. Ubovu wa mafundo ulikuwa mwanzo tu.

Kuupumzisha mmea

Baada ya mavuno unayaacha machipukizi yakue yawe matawi marefu yenye majani laini kama manyoya, mara nyingi kumpita mtoto kwa urefu. Majani hayo ndiyo yanayojaza mizizi chakula cha msimu ujao. Penye baridi kali yanageuka manjano yenyewe, mmea unalala, na unayakata yakishakauka. Hakuna cha kuchagua.

Pasipo na baridi, mmea haujui ulale lini. Unaendelea kutoa kijiti kimoja leo, kimoja wiki ijayo, na unachoka. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kiu: unasitisha umwagiliaji wiki kadhaa mpaka majani yanyauke, unayafyeka, kisha unarudisha maji na machipukizi yanaamka kwa pamoja. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwenye jangwa la pwani ya Peru, na inafanya kazi kwa sababu pale maji yanatoka kwenye mpira, si mawinguni. Ya pili ni ya vijiti mama, inayotumika Taiwan na Thailand: kila mmea unaachiwa vijiti vitatu hadi vitano vikue na kulisha mizizi, na yanayochipua pembeni unayavuna kidogo kidogo kwa miezi. Vijiti mama vikizeeka unaachia vingine vichukue nafasi.

Ya kiu inakupa mavuno mengi kwa mkupuo, lakini inakutaka uwe na kiangazi cha kuaminika. Mvua ikinyesha katikati ya mfungo, mmea unaamka nusu nusu na umeharibu yote. Ya vijiti mama inakupa konzi moja kila siku mbili tatu, bila karamu, na inavumilia hali ya hewa isiyotabirika. Kwa bustani ya nyumbani penye joto na mvua za ghafla naona ya pili haina mpinzani. Kwa wenye eneo kama hilo, aina kama UC 157, iliyozalishwa Chuo Kikuu cha California, hustahimili joto kuliko zile za Jersey.

Ningeanza upya

Ningeotesha mbegu 40 za aina dume, nikabakiza miche 25 bora, nikanunua mafundo matano tu ya mwaka mmoja ili niwe na cha kuonja wakati ule mstari mwingine bado ni nyuzi. Ningeyaweka mwisho wa mtaro, upande wake, ili yakiwa na ugonjwa nijue ulikotoka.

Ningevunja machipukizi kwa mkono badala ya kukata kwa kisu chini ya udongo, kwa sababu kisu usichokiona kinakwenda wapi hukata na macho ya chipukizi la kesho. Likifika sentimita 15 hadi 20 huku kichwa bado kimefumba, lishike na ulipinde: litakatika lenyewe pale ulaini unapoishia. Siku machipukizi mengi yanapokuwa membamba kuliko penseli, acha kuvuna, hata kama kalenda inakuruhusu wiki nyingine.

Na ningechomeka kigingi kirefu kila mwisho wa mstari, tangu siku ya kwanza. Mimea ikishalala hapabaki chochote juu ya ardhi, na mtu mwingine wa nyumbani akikiona kiwanja kitupu, chenye udongo mlaini na samadi nzuri, atakwenda kuchukua jembe.